Kuzuru Makanisa ya Kale ya Antigua Guatemala: Ushauri kwa Anayekwenda Mara ya Kwanza

Wasomaji wanaojiandaa kwenda Amerika ya Kati, wawe mahujaji au watalii, hawaachi kuuliza swali lile lile kuhusu mji wa Antigua Guatemala: katika makanisa na nyumba za watawa nyingi namna ile, nyingine zikiwa nzima na nyingine magofu, mtu aanzie wapi, aingie wapi, na ajiweke vipi akishaingia? Makala haya yanajibu swali hilo hatua kwa hatua, na msimamo wake ni mmoja tu: anayechagua majengo matatu au manne na kukaa katika kila moja kwa utulivu hupata faida kubwa kuliko anayepita katika kumi na matano akikimbizana na saa.

Historia inayotosha kumwongoza mgeni

Mji huu ulianzishwa mwaka 1543 katika bonde la Panchoy, miaka miwili baada ya mafuriko ya matope kutoka mlima wa Agua kuufunika mji uliotangulia, na kwa zaidi ya karne mbili, ukiitwa Santiago de los Caballeros, ulikuwa makao makuu ya utawala wa Uhispania katika eneo lililoanzia Chiapas, ambayo leo ni jimbo la Meksiko, hadi Costa Rica. Ndiyo sababu mashirika ya kitawa, wakiwamo Wadominiko, Wafransisko, Wamersedari na Wajesuiti, yalijenga humo nyumba zao kubwa. Tarehe 29 Julai 1773, siku ya Mtakatifu Marta, tetemeko la ardhi liliubomoa mji huo kwa sehemu kubwa, na mwaka 1776 serikali ikaamuru makao makuu yahamie mahali ulipo leo Mji wa Guatemala.

Kuhama huko kuna matokeo mawili ambayo mgeni hana budi kuyafahamu mapema, kwa kuwa asipoyafahamu atavunjika moyo mbele ya kuta tupu:

- Waliohama walichukua sanamu, picha, altare, kengele na vyombo vya ibada, hivyo sehemu ya hazina ya sanaa iliyotengenezwa Antigua haipo Antigua. Sanamu mashuhuri ya Yesu Mnazareti iliyochongwa na Mateo de Zúñiga katika karne ya 17, kwa mfano, imo katika kanisa la La Merced la Mji wa Guatemala, si lile la Antigua lenye jina hilo hilo.
- Waliobaki hawakuwa na mali ya kujenga upya, na umaskini huo, pamoja na sheria za uhifadhi zilizotungwa baadaye, ndio uliouacha mji na sura yake ya karne ya 18, hata ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1979.

Hatua ya kwanza: kujua ni jengo la aina gani

Makosa mengi ya wageni yana chanzo kimoja, nacho ni kudhani kwamba kila jengo lenye msalaba mlangoni ni sehemu ya maonyesho. Majengo ya Antigua ni ya aina tatu, na kila aina ina taratibu zake.

1. Makanisa ya ibada. Haya ni La Merced, San Francisco, San José, Escuela de Cristo na mengineyo, ambamo Misa husomwa, watoto hubatizwa na maiti huagwa kama katika parokia yoyote. Kuingia ni bure, lakini anayeingia ni mgeni katika nyumba ya wenyewe.
2. Magofu yanayotunzwa. Nyumba za watawa za Capuchinas na Santa Clara, pamoja na La Recolección na San Jerónimo, ziko chini ya Baraza la Taifa la Kulinda Antigua Guatemala, chombo kilichoundwa kwa sheria mwaka 1969. Huku hulipwa kiingilio, na wageni wa kigeni hulipa zaidi ya raia.
3. Majengo yaliyopewa kazi nyingine. Santo Domingo, iliyokuwa nyumba ya Wadominiko, sasa ni hoteli yenye makumbusho na magofu ya kanisa ndani yake, na iliyokuwa nyumba ya Wajesuiti, ambao walifukuzwa katika milki zote za Uhispania mwaka 1767, ni kituo cha mafunzo na utamaduni.

Inafaa kuongeza kwamba jengo moja laweza kuwa na aina mbili kwa pamoja, na hapo ndipo wengi hupotea. Mfano ulio wazi ni kanisa kuu la zamani, upande wa mashariki wa uwanja mkuu: mlango unaotazama uwanja huingiza katika parokia ya San José, ambayo imechukua sehemu ndogo tu ya mbele ya kanisa lililozinduliwa mwaka 1680, na mgeni asiyejua hutoka baada ya dakika tano akisema kwamba kanisa kuu la Antigua ni dogo. Sehemu kubwa iko nyuma, haina paa, matao yake yamesimama wazi juu ya sakafu, na ngazi hushuka hadi vyumba vya chini ya ardhi. Mlango wake ni mwingine, wa ubavuni, na huko hulipwa. La Merced nayo ni hivyo hivyo: kanisani ni bure, lakini ua wa ndani wa watawa una mlango na tiketi yake.

Adabu ndani ya kanisa la ibada

Msomaji Mkatoliki hahitaji kufundishwa kupiga goti mbele ya tabernakulo, na asiye Mkatoliki halazimiki kupiga goti. Wasomaji Waislamu na Waprotestanti huuliza mara kwa mara kama watafukuzwa mlangoni, na jibu ni kwamba hakuna anayeulizwa dini yake. Kinachotazamwa ni mwenendo. Mambo yafuatayo yanatosha:

- Mavazi yafunike mabega na magoti. Mji uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, asubuhi huwa na ubaridi, kwa hiyo sweta au shali ni stara na ni kinga.
- Wanaume wavue kofia, na simu zizimwe sauti.
- Misa ikiwa inaendelea, mgeni ama aketi nyuma na kubaki hadi mwisho, ama asubiri nje. Kutembea pembeni huku padre akihubiri ni utovu wa adabu, hata kama hakuna atakayemkemea.
- Ekaristi ni kwa Wakatoliki waliojiandaa kuipokea. Asiyepokea abaki kwenye benchi lake bila wasiwasi.
- Picha zipigwe bila mwanga wa kamera, na zisipigwe kabisa pale palipoandikwa katazo. Mtu aliyepiga magoti akisali si mandhari, na picha yake haifai kupigwa hata kwa mbali.
- Sanamu na mbao zilizopakwa dhahabu zisiguswe, isipokuwa pale ambapo waumini wenyewe hugusa, kama itakavyoelezwa kuhusu San Francisco.

Wapo wanaopinga wakisema kwamba sadaka ya watalii ndiyo inayoyaweka makanisa haya hai, hivyo mtalii ana haki ya kupiga picha atakavyo. Hoja hiyo haina uzito, kwa kuwa makanisa ya ibada hayauzi tiketi, na waliozikarabati kuta zake baada ya tetemeko la mwaka 1976 hawakufanya hivyo kwa ajili ya kamera.

Majengo matatu yanayostahili muda

La Merced

Kanisa hili la Wamersedari, shirika lililoanzishwa kwa kazi ya kuwakomboa Wakristo waliotekwa, lilijengwa na Juan de Dios Estrada kuanzia mwaka 1749 na kukamilika mwaka 1767. Anayelitazama asianze na rangi yake ya manjano wala mapambo yake meupe, bali aanze na umbo: minara ni mifupi na mipana, kuta ni nene kupita kiasi, madirisha ni madogo na yako juu. Mjenzi huyo alikuwa na kumbukumbu ya matetemeko ya mwaka 1717, akaamua kujenga chini chini na kwa unene, na miaka sita baada ya kukamilika jengo lake lilistahimili tetemeko la 1773 wakati mengine yalipoanguka. Wataalamu huuita mtindo huu baroko ya matetemeko, yaani ule ufundi wa Ulaya wenye mapambo mengi, uliolazimishwa kuinama na ardhi isiyotulia.

Baada ya umbo ndipo mapambo yatazamwe, nayo yataka subira. Majani, maua na mizabibu iliyofanyizwa kwa lipu ya chokaa imeujaza ukuta wa mbele na kuzizunguka nguzo, na inapendeza zaidi asubuhi, kabla jua halijapanda na kuvifuta vivuli. Katika ua wa watawa liko bwawa la chemchemi lenye upana wa takriban mita 27, ambalo husemwa kuwa miongoni mwa makubwa kabisa yaliyojengwa katika makoloni ya Uhispania, na ngazi hupandisha hadi juu ya kuta, mahali ambapo mlima wa Agua huonekana wote bila kizuizi.

Capuchinas

Nyumba hii, ambayo Diego de Porres aliisanifu na ikazinduliwa mwaka 1736, ilikuwa ya masista Wakapuchini waliotoka Uhispania, na ilitofautiana na nyumba nyingine za watawa wa kike kwa jambo moja zito: haikudai mahari, yaani mali ambayo familia ilitakiwa kuilipa ili binti apokelewe. Kwa sababu hiyo binti wa familia isiyo na uwezo aliweza kuingia, mradi akubali maisha ya ukimya na ufukara mkali.

Kinachowashangaza wageni ni jengo la mviringo lenye vyumba 18 vidogo vilivyozunguka ua mmoja wa duara. Inashauriwa kuingia katika chumba kimoja na kusimama humo kwa dakika kadhaa, kwani ukubwa wake hauelezeki kwa picha. Chini ya ua huo kuna ukumbi wa duara wenye nguzo moja nene katikati, ambao matumizi yake ya awali wataalamu hawajakubaliana, na sauti ndogo ikitolewa humo huzunguka na kurudi. Wenye haraka hupita juu wasijue kwamba kuna chini, kwa hiyo ngazi zitafutwe.

San Francisco

Wanaotafuta uzuri wa majengo peke yake huweza kuliruka kanisa hili, kwa kuwa sehemu yake kubwa ilijengwa upya katika karne ya 20, na kwa kuliruka hupoteza mahali ambapo imani ya watu wa Guatemala huonekana waziwazi kuliko pengine popote mjini. Humo limo kaburi la Pedro wa Mtakatifu Yosefu Betancur, ambaye wenyeji humwita Hermano Pedro, yaani Bruda Petro. Alizaliwa Tenerife mwaka 1626, akafika Guatemala akiwa fukara, akafungua hospitali ya maskini waliokuwa wakipata nafuu, akafariki tarehe 25 Aprili 1667. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mtakatifu mwaka 2002 katika Mji wa Guatemala.

Waumini hufika kaburini, hubisha kwa mkono kama anayebisha hodi, kisha huomba. Mgeni anayetaka kufanya hivyo na afanye kwa zamu, na asiyetaka akae kando. Katika makumbusho yaliyo ubavuni kumetundikwa magongo, barua na vibao vya shukrani vya watu wanaoamini kwamba walisaidiwa, na chumba hicho kinafaa kusomwa kwa heshima ile ile ambayo msomaji angeipa barua ya ndugu yake.

Lakini magofu si yanafanana?

Pingamizi hili hutolewa na walioona mawili na kuchoka, na lina ukweli kwa mtu asiyejua atafute nini. Njia rahisi ni kuingia kila gofu na swali moja. Katika La Recolección swali ni la ukubwa: vipande vya dari la matao vimelala mahali vilipoangukia, na mgeni hupima mwenyewe nguvu ya tetemeko. Katika Santa Clara, ni jinsi watawa waliofungiwa ndani walivyopata bustani, maji na mwanga bila kutoka. Kwenye tao la Santa Catalina, lililojengwa mwishoni mwa karne ya 17, swali ni hilo hilo kwa upande wa barabara, kwani lilikuwa daraja la kuwavusha masista bila kuonekana. Saa iliyo juu yake iliongezwa katika karne ya 19. Mengine yanaweza kusubiri.

Hatari na tahadhari

- Kuta za magofu zisipandwe wala kuegemewa. Kamba na maandishi ya *Prohibido el paso*, yaani hakuna kupita, yapo kwa sababu mawe bado huanguka.
- Ardhi ikitikisika, mgeni aende katikati ya ua ulio wazi, mbali na kuta na matao, na asikimbilie mlangoni.
- Mlima wa Fuego, ulio karibu na mji, ni volkano hai ambayo mlipuko wake wa tarehe 3 Juni 2018 uliua watu wengi katika vijiji vya chini yake. Majivu yanaweza kufika mjini; maelekezo ya CONRED, mamlaka ya maafa ya nchi hiyo, yafuatwe bila kubishana.
- Barabara zimetandikwa mawe yasiyo sawa. Viatu vya visigino havifai, na wazee wapangiwe umbali mfupi.
- Kuanzia Mei hadi Oktoba mvua hunyesha mara nyingi mchana au jioni, hivyo magofu yasiyo na paa yazuriwe asubuhi.
- Kiongozi wa watalii anayekodiwa aombwe kitambulisho cha INGUAT, taasisi ya utalii ya taifa. Wanaojitokeza mlangoni bila kitambulisho wakataliwe kwa upole.
- Noti ndogo za quetzal, fedha ya nchi, ziwepo mfukoni kwa viingilio na kwa kisanduku cha sadaka.

Kwaresima na Juma Kuu

Huu ndio wakati ambao wasomaji huuulizia zaidi, na ndio unaohitaji maandalizi makubwa zaidi. Tangu Jumapili za Kwaresima makanisa hutoa maandamano ambamo sanamu za Yesu na za Bikira Maria hubebwa juu ya majukwaa makubwa ya mbao, mabegani mwa watu makumi kwa makumi wanaopokezana usiku na mchana; wanaume huvaa kanzu za zambarau hadi saa tisa alasiri ya Ijumaa Kuu, kisha hubadili na kuvaa nyeusi za msiba. Mbele yao familia hutandika barabarani mazulia ya unga wa mbao uliotiwa rangi, majani ya msonobari, maua na matunda, kazi ya saa nyingi inayokanyagwa na maandamano kwa dakika chache. Juma Kuu la Guatemala liliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2022.

Makosa ya kuepukwa ni haya:

- Kukanyaga zulia, hata kwa unyayo mmoja, kwa ajili ya picha. Wa kwanza kulikanyaga ni wabebaji.
- Kukata safu ya maandamano ili kuvuka barabara.
- Kwenda bila kuweka nafasi ya malazi miezi mingi kabla. Asiyepata nafasi alale Mji wa Guatemala, akijua kwamba barabara nyingi za Antigua hufungwa.
- Kutarajia kuona mapambo ya makanisa kwa utulivu wiki hiyo. Haiwezekani.

Anayeogopa msongamano ana njia bora zaidi, ambayo wageni wengi hawaijui. Siku chache kabla ya kila maandamano ya Kwaresima hufanyika *velación*, yaani mkesha ambamo sanamu huwekwa mbele ya altare, zulia hutandikwa humo humo kanisani, na mboga, matunda na mikate hupangwa kulizunguka. Harufu ya ubani na ya maua ya mnazi-pori uitwao korozo hujaa kanisani, na mtu anaweza kusimama kwa muda autakao.

Je, inafaa kuyastaajabia majengo ya ukoloni?

Swali hili huulizwa na wasomaji wa Kiafrika hasa, na halifai kupuuzwa. Makanisa haya yalisimama kwa jasho la Wamaya waliolazimishwa kutoa kazi kwa zamu, na katika mji huo huo waliishi Waafrika waliouzwa utumwani na vizazi vyao. Wadominiko, ambao kanisa lao lilikuwa miongoni mwa makubwa, walimiliki huko San Jerónimo katika Baja Verapaz shamba la miwa lililolimwa na watumwa. Vibao vya ukumbusho hutaja maaskofu na makapteni, havitaji waliobeba mawe. Ushauri si kuyasusia makanisa, kwa kuwa wajukuu wa wabebaji hao ndio wanaosali humo leo, bali ni kumuuliza kiongozi swali hilo waziwazi na kutoridhika na jibu la juu juu. Wanawake wa Kikaqchikel, jamii mojawapo ya Wamaya, wanaouza nguo za kufumwa nje ya milango nao waombwe ruhusa kabla ya kupigwa picha, na wakikataa, basi.

Kwa anayetoka Afrika Mashariki

Antigua haina uwanja wa ndege wa abiria. Msafiri hutua La Aurora, Mji wa Guatemala, kisha husafiri takriban kilomita 40 kwa gari, mwendo ambao foleni huweza kuurefusha sana. Guatemala hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa wanaotoka katika nchi zenye ugonjwa huo, kwa hiyo wa Kenya, Uganda, Burundi na Kongo wasikiache nyumbani. Masharti ya viza yaulizwe ubalozini mapema, pamoja na yale ya nchi ambako ndege itabadilishwa, kwani mara nyingi hayo ndiyo huwakwamisha wasafiri.

Mwenye siku moja tu

1. Asubuhi mapema, La Merced: ukuta wa mbele, kanisa, kisha ua wa watawa.
2. Kwa miguu kupitia chini ya tao la Santa Catalina hadi Capuchinas, na kukaa huko saa nzima na zaidi.
3. Adhuhuri, uwanja mkuu: parokia ya San José, kisha magofu ya kanisa kuu kwa mlango wa ubavuni.
4. Alasiri, San Francisco, na Misa ya jioni ikiwapo, mgeni abaki.

Orodha hii isiongezwe kitu. Saa za Misa na za kufungua magofu hubadilika kwa sikukuu, kwa hiyo zisomwe milangoni jioni ya siku iliyotangulia.